Chumvi ya Mheshimiwa Jalam

Saa mbili asubuhi, Mheshimiwa Jalam Singh anapanda kwenda kijiji cha Dhaunri kwa miguu, maana barabara aliyoiahidi imeishia kule chini, mbele ya jabali. Kila baada ya hatua kumi anasimama. Ungedhani anapumzisha magoti yake ya miaka sitini na mmoja. Wapi! Anatazama mawingu kileleni.

"Ile ni theluji au ukungu?" anamuuliza dereva wake, Bastiya.

"Ukungu, mheshimiwa. Hii mara ya sita unaniuliza."

Jalam ni mkulima wa tangawizi, na huu ni mwaka wake wa tano akiviwakilisha vijiji hivi vya milimani katika Bunge la jimbo la Himachal, kaskazini mwa India. Wapinzani hawamtishi. Aliwahi kutupiwa kiatu mkutanoni, akakiokota na kuuliza cha pili kiko wapi. Kinachomkosesha usingizi ni chumvi.

Kosa alilifanya mwenyewe. Siku tatu kabla ya uchaguzi alikuja hapa na mtungi mdogo wa shaba kuwaapisha wapiga kura, kama wafanyavyo wagombea wengi wa huku. Mtu hudondosha chumvi majini na kusema: nikigeuka, niyeyuke kama hii. Watu 112 waliapa. Wa mwisho, mjane aitwaye Shankari, akamshika mkono.

"Na wewe tia, mwanangu. Au chumvi yako ni ghali?"

Watu wakaangua kicheko. Jalam naye akacheka, akatia: barabara itafika Dhaunri kabla ya theluji ya kwanza ya mwaka wa tano. Alishinda kwa tofauti ya kura 97.

"Wao walitimiza siku ya kura," anasema, na sasa hacheki. "Yangu ndiyo imebaki majini."

Zimebaki mita mia nane za barabara. Kibali cha kulipasua jabali kimelala mezani kwa waziri miezi kumi na minne. Katika miezi hiyo wagonjwa tisa wameteremshwa hapa kwa machela. Wawili hawakufika chini wakiwa hai. Jalam anawajua kwa majina. Anakumbuka pia mjomba wake, aliyekana kiapo cha mpaka wa shamba, akakonda msimu mmoja wa baridi hadi shati likawa linamning'inia. Daktari alisema ni kifua kikuu. Kijijini hakuna aliyemuuliza daktari.

Tangu mwaka jana Jalam hali chumvi.

Shankari anampokea kwa mkate wa mahindi na dengu. Anamkagua juu hadi chini. "Umepungua."

Jalam anashika mkanda wa suruali haraka. "Nimepungua wapi, mama?"

"Nakutania. Kula. Sikutia chumvi, mkeo alinipigia simu."

Anakula matonge mawili, anaweka sahani chini. "Mama, niongezee muda. Hadi theluji iyeyuke tu."

"Mimi nani nikuongezee? Uliapa mbele ya mungu wa kijiji." Shankari anapangusa mikono. "Mkwe wangu naye aliomba muda. Pale kwenye kona ya pili, juu ya machela."

Bastiya anatazama viatu vyake.

Hapo ndipo Jalam anasema kilichomleta. Anautaka ule mtungi. Shankari ameutunza kwenye rafu ya hekalu, na kila mwezi mwandamo huuongezea maji. Alhamisi Bunge linakutana. Atauweka mbele ya waziri aape kutoa kibali, na donge la chumvi pembeni.

"Naye ni mtu wa milimani. Mbele ya kamera atacheka, kama nilivyocheka mimi. Halafu atatia."

"Asipotia?"

"Basi wataona wote kwamba ameogopa. Anayeogopa chumvi ana jambo, mama. Mimi najua."

Shankari anaufunga mtungi mdomo kwa kitambaa, anafunga tena, ndipo anamkabidhi. "Usiumwage. Humo mna watu mia moja na kumi na watatu."

Jalam anateremka kwa zaidi ya saa nzima, akipapasa njia kwa miguu kama kipofu. Ndani ya gari anaubana mtungi katikati ya mapaja. Shimo la kwanza tu, kitambaa kinalowa.

"Polepole, Bastiya!"

"Barabara ni yako, mheshimiwa."

Jalam anaukumbatia mtungi kifuani, anainama dirishani na kutazama juu, kileleni.

"Ule ni ukungu?"

Bastiya anawasha vipangusio vya kioo, vinasukuma chembe nyeupe pembeni.