Mbuzi anayejua siri za mke wangu

Leo nimemwonea wivu mbuzi. Chekeni tu.

Mke wangu ni muuguzi wodi ya korona. Akirudi anaoga bafu la uani, kisha anakaa na mbuzi wetu anamsimulia habari za siku nzima. Mimi naambulia "salama tu".

Leo uvumilivu umenishinda, na mvi zangu hizi. Nikamuuliza kutoka dirishani, "Mama Mwanaidi, huyo ana nini nisicho nacho?"

"Huyu haniulizi kama nimewaletea ugonjwa, Baba Mwanaidi."

Jamani. Ndilo swali langu la kwanza kila jioni.

Nikatoka na kigoda changu, nikakaa kando yao.

Akaendelea kumsimulia mbuzi habari za mgonjwa aliyefariki asubuhi. Macho kwa mbuzi, lakini sauti kaipandisha kidogo, nami nisikie.