Aliyeniozesha Ndiye Aliyenikana

Baba yangu mdogo alikuwa na sauti nzuri ya kuadhini, na hilo ndilo jema pekee ninaloweza kulisema juu yake bila kuuma meno. Mengine yote nayasema kwa hasira, na sioni haya.

Nilizaliwa Ujiji, chumba cha uani, mikononi mwa bibi mkunga aliyekuwa ameshakata vitovu vya nusu ya mtaa. Cheti hakikuandikwa. Nani mtaani kwetu alikuwa na cheti? Baba alikuwa fundi wa mitumbwi, akiziba nyufa kwa pamba na mawese, na kwake yeye mtoto akishapewa jina na kunyolewa nywele mbele ya majirani amekwisha kuandikwa. Mama alitoka ng'ambo ya ziwa. Alikuja kuolewa, hakuna alichokuwa akikikimbia. Zamani hizo ziwa lilikuwa njia kama njia nyingine, watu wanavuka na chumvi na vitenge, na wengine hawarudi kwa sababu wamepata wachumba.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Boti zilikuwa zikishusha watu Kibirizi asubuhi na jioni, wamebeba magodoro na sufuria na watoto wanaokohoa, na malori yanawangoja kuwapeleka makambini. Mji ukabadilika tabia. Watu niliosoma nao chuoni Kurani, watu waliokula kwetu Idi baada ya Idi, wakaanza kuniuliza kwa upole, "Hivi nyinyi kwenu hasa ni wapi?" Upole ule uliniudhi kuliko tusi.

Katika miaka hiyo niliachika. Nikarudi nyumbani na begi moja, talaka na hati ya ndoa nimezikunja pamoja ndani ya kopo la maziwa. Baba na mama walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Nikakuta baba mdogo, ambaye mwenyewe alikuwa akiishi Katubuka, amepangisha vyumba karibu vyote kwa wafanyabiashara wa dagaa. Chumba cha baba alikuwa amekitia kufuli. Kilichobaki ni stoo ya uani yenye nyavu mbovu, nami nikaingia humohumo. Sikuomba ruhusa, kwa kuwa mtu haombi ruhusa kulala kwa baba yake.

Hazikupita wiki tatu, mjumbe wa nyumba kumi akaja na daftari lake. Wajumbe walikuwa wameagizwa waandike wageni wote wa mitaani. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, hataki kunitazama.

"Binti, baba yako mdogo amesema wewe si damu yao," akasema. "Anasema mama yako alivuka na wewe mgongoni, marehemu akakulea tu."

"Na wewe ukaandika?"

"Mimi naandika ninachoambiwa."

Mjumbe yule alikuwa amekula pilau ya harusi yangu, sahani mbili. Nilimkumbusha. Akafunga daftari akaondoka.

Nikaitwa ofisi ya uhamiaji. Nilimkuta afisa kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, bado hajazoea harufu ya dagaa, na karani mzee wa Ujiji, mwenye kofia ya vito na kikohozi kisichokwisha. Afisa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na fomu, na fomu ilikuwa na mistari, naye alitaka kila mstari ujazwe. Cheti cha kuzaliwa? Sina. Kadi ya kliniki? Sina. Baba? Amefariki. Mama? Amefariki.

"Basi niletee mwanamume wa ukoo wa baba," akasema, "aseme kwa kinywa chake kwamba wewe ni mtoto wa marehemu. Nakupa mpaka Ijumaa. Usipomleta, jina lako linabaki kwenye orodha ya wageni, na Jumatatu utapanda lori pamoja nao."

Mwanamume wa ukoo wa baba aliyekuwa hai alikuwa mmoja tu. Nilicheka palepale mbele ya meza. Afisa akadhani namdharau, na nusu alikuwa sahihi.

Jumatano nikaenda Katubuka. Nilimkuta anakula ugali kwa migebuka, miguu ameinyoosha mkekani. Nikapiga goti mlangoni kama nilivyofunzwa.

"Shikamoo, baba."

Akamtoa mwiba samaki wake. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Akaniangalia kifuani, wala si usoni.

"Nikikuitikia hiyo," akasema, "kesho utakwenda kusema nimekukubali."

Nimetukanwa na wengi maishani mwangu, kuanzia mama mkwe hadi makuli wa bandarini. Hakuna lililonichoma kama lile. Hata mlevi wa njiani huitikiwa shikamoo yake. Nikainuka na magoti yangu yenye vumbi, nikaondoka bila kuaga, na njia nzima hadi Ujiji nilikuwa nikilia kwa ghadhabu, watu wananiuliza nani amekufa.

Nilifungua kopo la maziwa nikitafuta chochote, picha, barua, risiti. Nikakunjua hati ya ndoa, karatasi ambayo ningekuwa nimeshawashia moto jikoni kama si uvivu. Nikaona mstari wa chini ya jina la bwana harusi. Walii: baba mdogo wa binti. Na saini yake, ile ya mkia mrefu.

Mwanamke wa Kiislamu haozeshwi na mpita njia. Baba ndiye walii wake. Kama hayupo, anasimama mwanamume wa damu ya baba. Siku ya nikaha yangu nilikuwa chumbani na wanawake, nimefunikwa mtandio hadi kidevuni, nikamsikia yeye kwa sauti yake ile ya adhana: "Nimekuozesha binti wa marehemu ndugu yangu." Mtaa mzima ulisikia. Na kilemba cha baba, ile zawadi ambayo bwana harusi humpa baba wa bibi harusi, alikipokea yeye, kanzu nyeupe yenye darizi ya hariri kifuani.

Alhamisi nikamwomba afisa amwite kwa maandishi. Mwito wa mdomo angeukataa, lakini barua yenye muhuri ilikuwa kitu kingine, na miaka ile kila mtu aliuogopa muhuri. Ijumaa asubuhi akaja. Alikuwa amevaa kanzu ileile ya kilemba changu. Sijui kama alisahau au alikusudia.

"Unamfahamu huyu?" afisa akamuuliza.

"Namfahamu. Kaka yangu alimlea. Si wetu."

Nikaiweka hati mezani. Afisa akaisoma, akanirudishia. "Hii inahusu mumeo, mama. Mimi nataka habari za baba."

"Soma jina la walii," nikasema. Kisha nikamgeukia baba mdogo, sauti yangu imepanda na sikuishusha. "Hii saini ya nani?"

"Nilisimama kwa huruma," akasema. "Yatima alikuwa hana mtu."

"Asiye na mtu huozeshwa na kadhi. Hukumwita kadhi. Ulisema binti wa ndugu yangu, na watu wakajibu amina. Sasa mwambie afisa ulisema uongo siku gani, siku ile au leo? Kama ni siku ile, basi ndoa yangu ilikuwa batili, nami nilikaa miaka sita na mwanamume haramu, kwa ulimi wako. Na Ijumaa hii uende ukawaambie hivyo msikitini, kabla hujapanda kuadhini."

Afisa akamtazama karani. Karani mzee akakohoa, akafuta mdomo kwa leso.

"Ndivyo ilivyo, mheshimiwa," akasema. "Hakuna walii wa huruma."

Nje msafara wa wanawake wenye matenga ya dagaa ulipita, wakibishana kwa Kiha juu ya jambo lao. Baba mdogo akavuta mkono wa kanzu, akaukunja, akaukunjua.

"Ni mtoto wa kaka yangu," akasema akiwa ameinamia meza.

Ningeweza kufurahi hapo. Lakini fomu ilikuwa bado ina mistari. Afisa akageuza ukurasa.

"Vizuri. Marehemu alizaliwa Ujiji. Baba yake marehemu, yaani baba yako wewe mzee, alizaliwa wapi?"

Baba mdogo akarudi kukunja mkono wa kanzu. Afisa akauliza tena, safari hii ameacha kuandika, amemkazia macho yeye na wala si mimi.

Nilijua jibu, maana baba alikuwa akinisimulia huku akiziba mitumbwi. Babu na bibi walivuka pamoja kutoka ng'ambo, juu ya magunia ya muhogo mkavu, na baba akazaliwa mwezi wa pili baada ya kufika. Kwa hiyo aliyevuka na mtoto alikuwa bibi, mtoto mwenyewe yumo tumboni. Mama yangu alivuka peke yake, na sanduku lake la mbao.

"Mzee amesahau," afisa akasema. "Mama, wewe unajua?"

Hapo ndipo baba mdogo aliponitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Nami nikamwacha angoje. Nilikaza mtandio wangu. Nilihesabu vifungo vya kanzu yake, vitano. Nilitamani kusema kweli, wallahi nilitamani, nimwone naye juu ya lori, kanzu yake nyeupe kati ya magodoro. Lakini lori hilo lingekuwa na nafasi yangu pia. Damu niliyokuwa nimeidai kwa kelele dakika mbili nyuma ilikuwa ndiyo hiyohiyo.

"Kasingirima," nikasema. "Hapahapa Ujiji. Na kaburi lake liko hapa."

La kaburi lilikuwa kweli. Karani mzee, ambaye bila shaka alimjua babu yangu na mahali alipotoka, akachovya kidole kwenye wino kuonyesha tunavyotakiwa kufanya. Baba mdogo akaweka dole gumba, nikaweka langu. Afisa akagonga muhuri.

Nje, ngazini, niliteremka mbele. Nikamsikia nyuma yangu, sauti chini, ile sauti nzuri.

"Marahaba."

Nikasimama. Sikuwa nimemwamkia siku ile. Ilinichukua kitambo kuelewa kwamba anaitikia ile ya Jumatano. Tangu kifo cha baba nilikuwa nimeingoja sauti ya mtu mzima wa kwetu iniitikie hivyo, na ilipokuja niliichukia.

"Ile nimeshaiondoa," nikamwambia.

Kisha nikashika njia ya Ujiji, nikaazima nyundo kwa jirani, nikavunja kufuli la chumba cha baba yangu.