Suruali ya Mama wa Maabara

Juma lililopita nilikuwa kwenye foleni ya maabara ya kituo cha afya, Kitshanga, nikisubiri kupimwa malaria. Mama anayepima damu alikuwa amevaa suruali na fulana. Mbele yangu, papa mmoja, baba wa makamo, alificha kidole chake mgongoni.

"Mwanamuke wa pantalo njo atanipima? Mutuitie mwanaume."

"Papa, hapa mwenye kusomea hii kazi njo mimi peke yangu."

"Sasa bluzi yako ya mweupe iko wapi? Muntu wa kazi anavaa vile?"

Foleni nzima iliguna kumuunga mkono papa, hata akina mama. Mama wa maabara alinyoosha kidevu kuelekea dirishani. Nje, kwenye kizuizi cha barabara, mwanaume mwenye bunduki alikuwa amevaa koti jeupe la maabara.

"Ile pale. Waliibeba siku walipora hapa. Uende umuambie airudishe."

Papa alitoa kidole.

Hasira yangu haijaisha, wala si kwa papa peke yake. Asubuhi ile sote tulipita kizuizini. Tulivua kofia, tukamwita yule mwenye bunduki "chef", yaani mkubwa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini amevaa vile.