Mume Wangu Ametupa Vidonge kwa Ajili ya Shanga Zangu

Bwana Mhariri, tafadhali lifiche jina langu, na kijiji changu andika tu ni karibu na Ruangwa. Nina kama miaka ishirini na miwili na mtoto mmoja wa kike, ameshaacha ziwa. Shule niliishia darasa la nne, mnisamehe nikikosea.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi mashamba ya karanga, Nachingwea. Huko akaanza kusikia watu wanamwita, mimi siwasikii. Siku moja amerudi nyumbani, mvua inanyesha, alimbeba mtoto mgongoni akaingia naye porini, akisema hao watu wanakuja kumchukua mtoto. Walipopatikana mwanangu alikuwa amepoa kama mtungi. Mume wangu akapelekwa hospitali ya Dodoma. Aliporudi alikuwa mtulivu, anameza vidonge vyake, analima, anacheka na mtoto. Nikamshukuru Mungu.

Lakini tangu aanze vidonge hivyo, kitandani mwili wake ulikataa. Alikuwa akijaribu, akishindwa anageukia ukutani. Nilimwonea huruma sana. Kwetu mwanamke hutundika shanga chumbani: nyeupe mume akaribie, nyekundu mke akiwa mwezini. Basi nikaziacha nyekundu zikae tu, hata siku ambazo si zangu, asiwe na haja ya kujaribu. Tuliishi kwa amani.

Somo yangu aliyenifunda ndiye aliyeziona zikikaa mwezi mzima, akampelekea habari mjomba wangu. Na kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa wakwe. Mjomba akisema atoke, anatoka. Mjomba akasema mbele ya watu kwamba hakumkaribisha mtu aje kumaliza ugali tu, mtoto wa pili yuko wapi? Watu wakacheka. Mume wangu akaendelea kupepeta ufuta kama hakusikia.

Kesho yake alizishusha zile nyekundu mwenyewe. Akaniambia, "Najua unanisitiri. Lakini mimi nataka kuwa mume wako, si mgonjwa wako." Vidonge akavitupa chooni.

Sitawadanganya, baada ya muda tulikuwa mke na mume tena, na nilifurahi. Nikatundika nyeupe. Mjomba akamletea kuku.

Sasa halali usingizi. Jana nilimkuta mlangoni amemfunga mtoto mgongoni kwa kanga yangu. Nikamwuliza wanakwenda wapi.

"Wameanza kuita tena," akasema, "ila kwa sauti ya chini."

Nikampokea mtoto, akanipa bila ubishi. 

Nikimsihi arudie vidonge, nyekundu zitarudi na mjomba atamfukuza. Nikinyamaza, naogopa ipo siku nitakuta mlango wazi na wote wawili hawapo. Nafikiri niende Nachingwea kumwuliza Bwana Mganga wa hospitali kama kuna dawa nyingine itakayomtuliza isimnyime uanaume wake. Lakini nitayatamkaje ya chumbani mbele ya mwanamume wa watu? Na mume wangu amenikataza, anasema aibu hiyo ni yake. Hata hivyo bado ananisikiliza. Hilo ndilo linalonipa moyo.

Leo asubuhi ameniuliza, anatabasamu kama zamani, ni shanga zipi leo. Nimemwambia asubiri kidogo. Ndugu wasomaji, na hasa akina mama mlioishi na mgonjwa wa namna hii, nyeupe na nyekundu zote ninazo mkononi. Nishaurini, nitundike zipi?