Miezi Mitano Ponta Serena

Falonne Kasongo alikuwa na ulimi unaokata, na hakuona sababu ya kuuficha. Wateja wake wa mtaa wa Berea walilijua hilo, na bado walipanda ngazi mpaka ghorofa ya kwanza, kwenye chumba alichopanga na Yasmin, mwanamke wa Tanga aliyekuwa akishona mabuibui kando ya dirisha. Hakukuwa na mtu mwingine mitaa ile aliyesuka rasta nyembamba na za kudumu kama zake. Alikuwa mzaliwa wa Likasi, ana miaka tisa Johannesburg. Watu aliowachukia hawakuwa wachache, lakini walioongoza walikuwa vijana wanaozunguka dunia na mashanta mgongoni.

Chuki hiyo ilipitia kwa mumewe. Théodore alikuwa mlinzi wa geti kwenye hosteli moja ya wasafiri, upande wa mashariki wa jiji. Miaka saba alisimama pale, saa kumi na mbili kila zamu, ndani ya koti la kampuni lililombana mabega, akiwafungulia vijana waliotoka Ulaya na kwingineko. Walimpenda kwa kuwa alikuwa mpole na alishika majina yao. Walipoondoka walimwachia vitu walivyochoka kubeba: ndala, nusu chupa ya mafuta ya jua, kitabu cha ramani kilicholowa. Siku moja alirudi nyumbani na shanta zima la kijani, lenye mkanda wa kifuani.

"Hili unalipeleka wapi?" Falonne alimuuliza.

"Naliweka tu," akasema, akalitundika nyuma ya mlango.

Kisha ukaja mwaka ambao makundi ya watu wenye marungu yalianza kupita barabara kwa barabara, yakiuliza nani si wa hapa. Walipofika saluni ilikuwa saa nne asubuhi. Falonne alikuwa amemaliza nusu ya kichwa cha mteja. Walimwaga mafuta yake sakafuni, wakabeba vioo, na mmoja wao, mwanamke wa umri wa mama yake, akamwambia kwa Kiingereza cha pole pole kwamba amekaa vya kutosha. Mteja alishuka ngazi na kichwa nusu kimesukwa. Yasmin alikuwa amejifungia chooni na cherehani yake mkononi.

Jioni ile Théodore aliketi kitandani akamwambia mkewe kwamba wataondoka. Kuna njia, alisema. Watu wengi wameipita. Ndege mpaka Brazili, kisha mabasi, kisha msitu wa kuvuka kwa miguu, na mpaka mmoja baada ya mwingine kuelekea kaskazini, mpaka Kanada, ambako kaka yake Falonne, Ezéchiel, alikuwa fundi wa magari. Alizungumza kwa utulivu, akataja miji na idadi ya siku. Falonne hakujua kama mumewe ana habari nyingi kiasi hicho. Alimwamini. Miezi minne baadaye walikuwa na viza, tiketi za kwenda na kurudi kwa sababu viza ilidai hivyo, na mashanta mawili. Lake alilinunua mtaa wa Hillbrow, jekundu, zipu moja haifungi.

Baada ya kushuka ndegeni walipanda basi kwa siku tatu. Falonne alitapika siku mbili za kwanza. Ya tatu alianza kuona minazi, na hewa ikawa ya chumvi. Mwisho walipakiwa nyuma ya gari la wazi lililopita juu ya mchanga mtupu, pamoja na wazungu wanane, kila mmoja na shanta lake, wakicheka kila gari lilipoyumba.

"Hapa njo wapi?" aliuliza waliposhuka, kwa Kiswahili cha kwao Likasi.

"Ponta Serena. Tupumzike kwanza siku mbili tatu. Weye umeumwa sana."

Ulikuwa mji wa njia tatu, zote za mchanga, hakuna lami, hakuna robot za kuongoza magari, hakuna mtu anayetembea haraka. Mbwa walilala katikati ya njia na watu wakawazunguka. Asubuhi vijana walibeba mbao kwenda kuteleza juu ya mawimbi, mchana walilala kwenye vitanda vya wavu vilivyofungwa baina ya nguzo, na magharibi wote walipanda kilima cha mchanga kulitazama jua likizama. Lilipozama wakalipigia makofi. Falonne alipoliona jambo hilo mara ya kwanza alidhani mtu amezama majini na ameokolewa. Théodore alipomweleza, alitema mate pembeni.

Siku tatu zikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Kila alipouliza safari, Théodore alikuwa na jibu. Mara mvua huko mbele zimekata barabara. Mara msafiri mmoja amesema mpaka fulani umefungwa, wangoje. Alipata kazi ya kuosha mbao za wale vijana na kuzipanga kivulini, na mwenye hosteli akawapa chumba cha nyuma, karibu na matangi ya maji. Alianza kuokota maneno ya Kireno. Alivua viatu na hakuvivaa tena. Mchana alilala kwenye kitanda cha wavu, mguu mmoja unaning'inia, mdomo wazi. Falonne alimtazama akilala na hasira ikampanda. Alikumbuka jinsi huyu mtu alivyokuwa akirudi kutoka getini miguu imevimba, na yeye akimkanda kwa maji ya chumvi. Alijua kabisa kwamba mumewe hajawahi kupumzika namna hii tangu utoto. Kujua hivyo hakukumtuliza hata kidogo.

Yeye alisuka. Aliweka kiti cha plastiki chini ya paa la makuti, na wasichana wa mashanta wakaja mmoja mmoja. Hawakujua kukaa tuli. Walitaka shanga, walitaka picha, walimuuliza anatoka kijiji gani.

"Johannesburg," alijibu. "Ina watu zaidi ya nchi zenu zingine."

"Una bahati kuishi hapa," mmoja alimwambia, amefumba macho, uso kaelekeza juani. "Mimi nimebakiwa na wiki tatu tu, kisha lazima nirudi kwenye maisha."

Falonne alivuta unywele mpaka msichana akafumbua macho. Msichana huyu alikuwa na mahali pa kurudi, na mlango wake ungefunguliwa na mtu anayefurahi. Alikuwa amekuja kupotea kwa makusudi, kwa muda aliopanga. Falonne alikimaliza kichwa kile kwa kukaza, ili wiki tatu zile azikumbuke.

Mwezi wao wa tano pale alikuja mwanamke mmoja Mholanzi, mwenye umri kupita wenzake, mvi zinaanza. Alikuwa hajakaa vizuri kwenye kiti alipomwona Théodore akipita na ubao kichwani. Akasimama.

"Théo wa geti," alisema. "Umekuja kweli."

Théodore alisimama na ubao wake. Alitabasamu, kisha akamtazama mkewe, na tabasamu likaisha.

Mwanamke yule hakuona kitu. Alimgeukia Falonne akamweleza kwa furaha, kwa Kiingereza ambacho Falonne alikielewa chote. Miaka mitatu iliyopita alikaa hosteli ya Johannesburg. Kila asubuhi alikunywa kahawa getini na Théo, akamsimulia habari za Ponta Serena, mji usiouliza mtu leo ni siku gani. Théo aliliandika jina la mji kwenye kiganja. Aliapa kwamba siku moja atakuja kuishi hapa.

"Na Kanada?" Falonne aliuliza.

"Kanada ipi?"

"Ukitoka hapa kwenda Kanada unapita wapi?"

Mwanamke alicheka, akatoa simu, akafungua ramani. Aliweka kidole pale walipo, ukingoni kabisa, kwenye pembe ya nchi iliyochomoza baharini. Wanaokwenda kaskazini, alisema, hawafiki huku. Wao wakitua huenda magharibi, upande wa pili, wiki nzima ya basi. Kidole chake kilivuka kioo chote cha simu.

Falonne alimsuka mwanamke yule mpaka mwisho. Hakumkosea hata mstari. Kisha aliosha kitana, akaingia chumba cha nyuma, akaanza kupanga nguo.

Théodore alimkuta amepiga magoti juu ya shanta jekundu, akisukuma.

"Ningekuambia," alisema.

"Lini?"

"Nilitaka upende kwanza. Nilisema moyoni, akifika, akiona, atapenda."

"Uliniambia Kanada. Ezéchiel ametafuta chumba. Mama yangu kule Likasi anatuombea kila siku tuvuke msitu, na hakuna msitu. Kuna weye na ile wavu yako."

"Kanada ni nini, Falonne? Geti lingine. Baridi, na miye nimesimama kwenye geti. Hapa hakuna anayeniuliza karatasi. Hakuna anayenifukuza. Nimelala, njo kosa langu?"

Falonne aliinuka. Alikuwa mrefu kumpita mumewe kidogo.

"Lala," alisema. "Umenitoa kwangu kama mzigo, ukanipeleka mahali ambapo moyo wako ulikwenda zamani. Lala mpaka uoze."

Alibadilisha tarehe ya tiketi yake ya kurudi. Théodore alimsindikiza mpaka kwenye gari la mchangani, bila viatu, akitaka kumbebea shanta. Hakumpa. Kwenye uwanja wa ndege wa Johannesburg, kibali chake cha kuishi kilikuwa kimebakiza wiki sita, na ofisa alikigeuza geuza kama kitu kilichookotwa jalalani. "Nyinyi huwa mnarudi tu," alisema, akagonga muhuri.

Berea haikumpokea vizuri. Chumba chao cha kulala kilikuwa na watu wengine. Kanisani waliokuwa wamewaombea safari walimwangalia kama mtu aliyekula sadaka. Wengine walisema alimkimbia mumewe porini, wengine kwamba alimwuza. Hakumweleza mtu. Yasmin peke yake ndiye aliyesogeza cherehani, akamwonyesha nafasi yake ile ile ya zamani, na kioo kipya alichokuwa amekiweka.

"Shoga, kaa," alisema Yasmin. "Waache waseme mpaka wachoke."

Wale wenye marungu walipita tena mara mbili mwaka ule. Mara ya pili Falonne hakufunga mlango. Alisimama juu ya ngazi na chupa ya dawa ya nywele, ile inayounguza, kifuniko ameshakifungua, akawaambia kwa Kizulu chake kibovu kwamba wa kwanza kupanda ataipata usoni. Walimtukana kwa muda, kisha wakaenda jengo la jirani. Yasmin alisema siku hiyo alimwogopa Falonne kuliko wao.

Miezi kumi na minne ilipita kabla Théodore hajapanda ngazi zile. Alikuwa amekonda, ngozi imeungua na jua, nywele amezifuga, shanta la kijani mgongoni. Falonne alikuwa na mteja. Hakuacha kusuka.

"Walinifukuza," alisema Théodore. "Hosteli imeuzwa. Wenye hosteli wapya hawakutaka mtu wa kulala kwenye matangi. Viza iliisha zamani."

Falonne alichukua fungu jingine la nywele.

"Nimekosa," akasema. "Nimekuja kukuambia nimekosa. Lakini niambie kitu kimoja. Miezi mitano yote, hakuna hata siku moja ulijisikia vizuri pale?"

Yasmin alisimamisha cherehani.

Siku hiyo ilikuwepo. Mwezi wao wa tatu kule, mvua ilinyesha tangu alfajiri, hakukuwa na mteja, na Falonne alilala mchana katika kitanda cha wavu cha mumewe. Alipoamka mvua ilikuwa imekoma, paa linadondosha matone, na kwa muda mrefu hakukumbuka kitu chochote cha kuogopa. Hakumkumbuka hata mwanamke wa marungu. Alikuwa amekaa pale ameshika kamba, mwili mwepesi, mpaka mtu akapita akipiga mluzi, na mambo yote yakamrudia. Hakumsimulia mtu habari hiyo. Alimchukia Théodore kwa ajili ya siku hiyo kuliko kwa ajili ya uongo.

"Hapana," alisema. "Hakuna."

Théodore akashuka ngazi. Mteja aliuliza yule ni nani, na Falonne akamwambia ainamishe kichwa.

Mchungaji alikuja mara tatu kuwapatanisha. Mara ya tatu Falonne alimwambia kama amekuja kunyoa, kiti hiki hapa, na kama amekuja kwa habari za Théodore, ngazi anazijua. Théodore alipata geti jingine, la ghala la viatu, akapanga kitanda Joubert Park katika chumba cha wanaume sita.

Mwezi wa Juni walikutana ofisini kutia saini karatasi za talaka. Haikuchukua dakika kumi. Walitoka pamoja kwa sababu mlango ulikuwa mmoja, wakasimama pamoja kwenye robot, baridi inawapiga. Théodore alimuuliza kama mama kule Likasi hajambo. Falonne alisema hajambo. Ilipowaka kijani yeye alivuka kupanda Berea, ambako mteja wa saa tano alikuwa anamngojea, na Théodore akageuka kushuka upande wa stesheni.