Mpima Mizigo na Wadakaji wa Vyuo

Mpima mizigo wa Sanyuanli, mtaa wa wafanyabiashara nchini China, Mkenya wa makamo, alikuwa na wazimu wa futiboli ya Kimarekani. Kaka yake aliyeko Ohio alimtumia kanda za video, naye akawachambua wadakaji wa vyuo, wale wanaodaka mpira unaorushwa kutoka mbali, watakaogombewa na timu za kulipwa. "Mbio hata kuku anazo," humwambia Hasna, mteja wake wa Unguja, huku akipima marobota. "Mimi natazama vidole. Huyu anadakia kifuani, simchukui!" Hasna hucheka.

Siku moja kaka alipiga simu kuuliza juu ya mwanawe, mdakaji pia. Mpima mizigo alijifuta viganja kwenye suruali. "Kaka, mtoto anafumba macho mpira ukimfikia. Amalize masomo." Hakukata simu mpaka aliposikia, "Asante, mdogo wangu."