Nilimwandikia Mwalimu Nambari za Moyo Ambazo Sikuzipima

Kosa ni langu mimi. Msinitafutie kisingizio, nimekitafuta mwenyewe miaka mingi na sijakipata!

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa mpimaji katika kliniki moja ya moyo katikati ya Nairobi. Nasema mpimaji, lakini kwetu Dagoretti nilijiita daktari. Hata kanisani niliingia na koti jeupe. Jamani, aibu!

Daktari wetu alikuwa anachunguza watu wenye uchovu usioisha, wale wanaolala vizuri na kuamka wamechoka zaidi. Alitaka kujua moyo wao unasukuma damu kiasi gani kwa dakika, bila kuwadunga wala kuwapasua. Tulikuwa na mashine mbili. Moja ilipimia kifuani kwa mawimbi ya sauti, kama ile ya wajawazito. Nyingine ilikuwa na nyaya za kubandika shingoni na mbavuni. Nilitakiwa kumpima kila mgonjwa kwa zote mbili, kwanza amelala, halafu amesimama dakika kumi, tuone kama zinapatana.

Dakika kumi nzima! Na mimi niliamini watu hao ni wavivu tu.

Akaja mwalimu wa shule ya msingi, mama mmoja wa Kinoo. Nikampima amelala, nikamwambia asimame.

"Kijana wangu, nikisimama sana naanguka."

"Basi keti, Mwalimu. Tumemaliza."

Nikajiona nina huruma. Huruma gani! Nilikuwa nakimbilia chakula cha mchana. Nikachukua nambari za kulala, nikapunguza hapa, nikaongeza pale, nikaziandika kuwa za kusimama. Nikahakikisha mashine zote mbili zinapatana. Eti naisaidia sayansi!

Ripoti ikasema moyo wake haubadiliki akisimama. Kumbe mwalimu mkuu aliingoja ili amruhusu kufundisha ameketi. Alipoisoma akamwambia asimame kama wenzake. Wiki ya tatu Mwalimu akaanguka mbele ya wanafunzi, akaacha kazi.

Daktari akaniita, fomu ziko mkononi.

"Mashine hizi hazijawahi kupatana hivi, hata kwa mtu aliyelala. Huyu mama ulimsimamisha kweli?"

Nikamwambia ukweli: nilimketisha, nambari nikazibuni!

Daktari akampima Mwalimu upya mwenyewe. Dakika ya nne tu, Mwalimu akapauka midomo. Mashine moja ilionyesha damu inayosukumwa imeshuka sana, nyingine imeshuka kiasi, lakini zote zilisema imeshuka. Ripoti mpya ikaandikwa. Shuleni nafasi yake ilikuwa imeshapewa mwingine.

Nilifutwa siku hiyo hiyo. Jumamosi nikaenda Kinoo kuomba msamaha. Nilimkuta amejilaza kwenye kochi. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mimi nimekusikia," akasema. "Lakini mume wangu aliisoma ile ripoti yako, akaiamini. Tangu siku hiyo ananiita mvivu. Nenda ukamwambie yeye."

Mume alikuwa nyuma ya nyumba na ndugu zake wanne, wanachoma nyama. Nikasimama mbele yao.

"Mzee, mke wako ni mgonjwa kweli. Mvivu ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mzee aliweka kisu chini, akaingia ndani kwa mkewe bila kunitazama.

Wewe unayejaza fomu za watu mahali fulani, nakuomba: mtu akikwambia amechoka, mwamini kwanza, halafu mpime. Na kama hukumpima, acha hiyo nafasi wazi!